Kwa Odalys Canela Hakohoi

Canela alitia pua kwenye hori, akatafuna kidogo, kisha akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu kinachotokea tumboni, kinachomfanya anyooshe shingo na kutema kila alichokuwa akitafuna. Vumbi la majani lilimrukia puani, akakohoa tena. Idalmis alisimama kwenye mlango wa jiko, kikombe cha kahawa mkononi, akamtazama farasi wa mumewe. Alijua mama mkwe wake yuko nyuma yake, na alijua atakachosema.

"Jicho," alisema Bibi Hortensia. "Farasi huyu kapigwa jicho. Si nilisema tangu Jumapili ile alipoanza?"

"Jumapili ile ulisema ni baridi ya alfajiri, mama."

"Nilisema baridi, nikasema na jicho. Wewe husikii ninachosema, unasikia unachotaka."

Bibi Hortensia alikuwa ameshafanya yote anayoyajua. Alimfunga Canela utepe mwekundu kwenye singa za shingoni, akamsomea sala ya kuondoa husuda, akampunga kwa tawi la mrehani lililochovywa ndani ya maji ya baraka. Siku ya tatu Canela aliukamata ule mrehani akautafuna wote mpaka shina, na alipokuwa akiutafuna hakukohoa hata kidogo. Hilo hakuna aliyelitilia maanani. Bibi Hortensia alikasirika tu kwamba farasi kala dawa.

"Swali ni nani mwenye kijicho," aliendelea. "Farasi jike rangi ya mdalasini, manyoya yanang'aa, kituo kizima cha magari ya farasi hakuna wa kumfikia. Mtu akimsifia bila kusema Mungu ambariki, basi."

Idalmis hakuhitaji kuambiwa kuhusu kijicho. Alikuwa na chake cha kutosha. Alimwonea kijicho jirani aliyepata jokofu jipya kutoka kwa mwanawe aliye ng'ambo, akamwonea dada yake ambaye mumewe humshika mkono barabarani, na siku nyingine, ingawa asingekubali kusema, alimwonea Canela mwenyewe. Mumewe, Eliécer, alimsugua yule farasi kila jioni kwa brashi, akimnong'oneza sikioni. Mkewe mara ya mwisho kunong'onezwa kitu sikioni ilikuwa kuulizwa funguo ziko wapi.

Lakini farasi ndiye aliyekuwa akiwalisha. Gari la Eliécer lilibeba abiria kutoka hospitali hadi sokoni na kurudi, na hapo mjini Bayamo mwenye gari la farasi ni mtu mwenye riziki yake, mradi farasi ni mzima. Jumamosi daktari wa mifugo angekuja kukagua farasi wote wa kituo. Huyu wa sasa hakuridhika kuwaona wakitembea. Alitaka kuwaona wakila, maana kikohozi cha farasi, alisema, hufichwa kwa kumpumzisha lakini chakula humuumbua. Anayekohoa anatolewa kazini, na leseni ya mwenyewe inawekwa kabatini mpaka ukaguzi mwingine baada ya mvua.

Ndiyo maana Idalmis aliongeza bidii. Yeye si mtu wa kufundishwa farasi. Ni binti wa Belisario Tamayo, aliyefuga farasi kule nyanda za Cauto mpaka kifo kilipomkuta juu ya tandiko, na baba yake alimwachia amri moja kubwa kuliko zote: usimpe farasi majani yenye unyevu, tumbo litamvimba na atakufa mikononi mwako. Kwa hiyo Idalmis aliyaanika majani juu ya paa la mabati, akayageuza kutwa, akayaanika tena, mpaka yakivunjwa yanalia kama karatasi. Pumba za mahindi alizichekecha zikawa laini kama unga wa kujipaka. Mtaani walimsifu kwa ghala lake, naye alipenda kusifiwa. Na kadiri Canela alivyozidi kukohoa ndivyo Idalmis alivyozidi kuyaanika.

Chucho alikuja asubuhi ya Jumatano kuazima nyundo. Chucho naye alikuwa na gari kituoni, farasi wake mbavu nje, na mdomo wake haukuwa na lijamu.

"Shemeji, habari za hapa? Eliécer keshatoka?"

"Keshatoka. Nyundo iko pale dirishani. Na uirudishe."

"Nitairudisha, shemeji, lini nimewahi kukuibia?" Aliichukua, akaipima mkononi, akatazama hori. "Majani yako ni safi. Wengine tunalisha takataka."

"Safi, lakini anakohoa. Sijui tumpe nini tena. Bibi anasema ni jicho."

"Anakohoa nani, Canela?" Chucho alicheka. "Acha utani. Mbona mchana anakula kimya kama mtawa? Kwa Odalys anatia kichwa kwenye beseni hakitoi mpaka—"

Hapo alinyamaza. Hata mtu wa aina ya Chucho hufika mahali akasikia anachosema. Idalmis alikuwa akimwaga maji kwenye ndoo, akaendelea kumwaga mpaka ndoo ikafurika na kumlowesha miguu.

"Kwa Odalys yupi?" aliuliza.

"Shemeji, mimi na mdomo wangu..."

"Nimeuliza yupi."

"Yule mjane anayekaanga na kuuza vile vitafunio vya croquetas, karibu na kituo. Ana uwanja wenye kivuli, ana bomba. Farasi wanahitaji kivuli mchana, si unajua." Alikuwa tayari ameshafika getini. "Wengi wanakwenda, si Eliécer peke yake. Hata mimi ningekwenda, ila ananidai."

Idalmis aliketi kwenye kiti cha jikoni. Roho ilimuuma, ikamuuma kweli, kama mtu aliyemeza kitu cha moto na hawezi kukitema. Kilichomchoma si uwanja wala kivuli. Kilichomchoma ni kwamba kwa yule mwanamke Canela hakohoi. Mume anaweza kula popote, wanaume wako hivyo, unagombana naye na yanakwisha. Lakini farasi hajui kudanganya. Farasi alikuwa amewaambia watu wa kituo kizima kwamba chakula cha Idalmis binti Belisario hakiliki.

Bibi Hortensia aliyasikia yote kutoka chumbani, maana kuta zile hazikuwa za kuficha siri. Alitoka, akajipangusa mikono ambayo haikuwa na kitu.

"Lisemwalo lipo," alisema. "Mimi mwanangu namjua, hana tabia hiyo. Ila na wewe mkaza mwana, mwanamume akirudi nyumbani anakuta uso kama kufuli."

"Mama, tafadhali."

"Nimenyamaza."

Mchana uleule Idalmis alivaa gauni lake la maua, akachana nywele, akapaka rangi ya midomo, kisha akaifuta kwa ghadhabu, kisha akaipaka tena. Alitembea kwa miguu mpaka kituoni ili asipande gari la mtu anayemjua. Uwanja wa Odalys ulikuwa na ua wa miti ya miba, na kupitia miba aliona kila kitu. Gari la mumewe lilikuwa kivulini. Canela alikuwa amefunguliwa, kichwa chote ndani ya beseni la zamani la kufulia, akila kwa pupa, na hakukohoa. Eliécer alikaa juu ya kreti lililopinduliwa, sahani ya wali na maharage mapajani, akicheka. Alicheka kwa mdomo wazi, kichwa nyuma, kama alivyokuwa akicheka walipokuwa wachumba. Idalmis alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipousikia mcheko ule nyumbani, akashindwa.

Angeweza kurudi zake. Alikuwa ameshageuka, lakini mwenye nyumba alimwona.

"Jamani, tuna mgeni!" Odalys aliita. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono mizuri na sauti ya kuuzia vitu. "Pita, dada, geti halina kufuli. Umemfuata mume au umemfuata farasi?"

Eliécer aliinuka haraka, sahani ikamponyoka, maharage yakamwagika juu ya viatu vyake.

"Nimekuja kuona hicho chakula," alisema Idalmis. "Nasikia ni kitamu. Mtaa mzima unakisifia."

"Idalmis—" alianza Eliécer.

"Wewe kaa, usije ukakosa chakula chako. Nazungumza na mwenye nyumba."

Odalys hakukasirika, na hilo lilimuudhi Idalmis kuliko kama angekasirika. Alimwita karibu na beseni, akachota chakula kwa kiganja na kukifinya, maji yakatiririka katikati ya vidole vyake.

"Si kitu, dada. Majani yaleyale ya kila mtu, nimeyalowesha tu. Na pumba nimezimwagia molasi, ile asali nyeusi ya miwa, zisiruke. Farasi wa marehemu mume wangu alikuwa hivihivi, vumbi lilimkaba. Ukilowesha, hakohoi. Hakuna uchawi."

"Farasi hapewi majani yenye maji. Yanamvimbisha tumbo."

"Ukimpa yaliyooza, yatamvimbisha. Haya nalowesha sasa, anakula sasa."

"Baba yangu amefuga farasi maisha yake yote."

"Nimesikia habari zake," alisema Odalys. "Eliécer huzisimulia." Akatabasamu, na katika tabasamu lile Idalmis aliona kwamba mumewe amekaa juu ya kreti lile akasimulia habari za baba mkwe wake, na wakacheka pamoja. Labda hawakucheka. Lakini mwenye wivu haulizi, anajijibu mwenyewe.

"Asante kwa somo," alisema. "Na maharage yako yana chumvi nyingi, nayanusa kutoka hapa."

Alitoka getini kichwa juu, na alipofika kona alilia, akijifunika uso kwa upepeo wa karatasi ili wapita njia wadhani anajipepea kwa joto.

Jioni Eliécer alirudi mapema. Alimfungua Canela, akamwosha miguu, akaingia jikoni na kukaa mezani kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Bibi Hortensia alichukua rozari yake akahamia barazani, karibu na dirisha, ambako husikika vizuri zaidi.

"Tangu lini?" aliuliza Idalmis. Alikuwa akikaanga ndizi na hakugeuka.

"Tangu kikohozi kilipokataa kwisha. Na ni chakula tu, Idalmis. Sijamgusa yule mwanamke hata kidole."

"Sijauliza kidole. Nimeuliza kwa nini hukuniambia."

"Nilikuambia! Nilikuambia tujaribu kulowesha, ukanitajia baba yako. Nikakuambia tena baada ya wiki, ukanitajia baba yako, ukaniambia mimi mtoto wa fundi viatu nitajua nini kuhusu farasi. Mbele ya mama. Mara ya tatu sikuona haja. Nikamlisha pale anapokula bila kukohoa."

"Na kucheka? Kucheka nako ni dawa ya farasi?"

Eliécer alisugua doa la mezani kwa kidole. Ndizi zilianza kuungua, na wote wawili waliziacha.

"Pale hakuna anayenikosoa," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Nakaa, nakula, nasema upuuzi wangu. Ndiyo hivyo tu. Kama ni kosa, ni kosa. Sitakwenda tena mchana, nakuapia."

Idalmis alizitoa ndizi zilizoungua akamwekea mezani vilevile. Eliécer akazila.

Kuanzia kesho yake Eliécer aliamka kabla ya mkewe, akayalowesha majani kwa mikono yake na kumpa Canela. Na Canela akala. Idalmis alilala macho wazi akisikiliza, akingoja kikohozi kama watu wengine wanavyongoja habari njema. Hakikuja. Palikuwa na sauti ya meno tu na mkia ukipiga nzi. Bibi Hortensia alisema mrehani umefanya kazi hatimaye, akamshukuru Bikira wake mtakatifu. Kwa Idalmis ukimya ule wa hori ulikuwa Odalys mwenyewe, amekuja kukaa uwanjani pake mikono kiunoni, asubuhi na jioni, na hakuna wa kumtoa.

Aliogopa kuyashika majani yenye maji. Alhamisi alipojaribu aliona kama baba yake amesimama nyuma yake, akaiacha ndoo. Mchana alihesabu safari za gari kichwani: sasa yuko hospitali, sasa yuko sokoni, sasa ni saa ya kula, anakula wapi? Eliécer alisema ananunua mkate na juisi ya miwa kituoni. Alimnusa shati aliporudi. Lilinuka farasi, jasho, na kitu kitamu. Molasi ina harufu tamu, lakini hata juisi ya miwa ina harufu tamu.

Ijumaa jioni Eliécer aliosha gari. Alisugua magurudumu, akapaka mafuta ngozi za hatamu, akashona upya gunia la kukingia kinyesi ili wakaguzi wasipate la kusema. Alikuwa na furaha. Alipiga mluzi, na mluzi ule ulimfikia Idalmis jikoni ukamkera.

"Kesho chakula cha ukaguzi utaandaa wewe, mke wangu," alisema akipitisha kichwa dirishani. "Mimi nitakuwa namfunga kwenye gari. Mfuko wa kulishia ni ule wa turubai. Majani utayalowesha vizuri, sawa? Na molasi tone moja. Odalys anasema ukizidisha molasi anakula kwa haraka mno, daktari atadhani tumemshindisha njaa."

Alisema Odalys anasema kama mtu anavyosema redio inasema mvua. Jina lilikaa mdomoni mwake kwa raha, limezoea. Odalys anasema. Lini kasema? Alisema hatakwenda tena mchana. Au alisema zamani? Idalmis angeweza kuuliza, mumewe yuko palepale dirishani, mikono ina mafuta. Hakuuliza.

"Nitaandaa," alisema.

Asubuhi alishika mfuko wa turubai akasimama ghalani. Ndoo ya maji ilikuwa hapo pembeni, imejaa. Wazo lilikuwa limemjia kitandani, na sasa halikutaka kutoka. Canela akikohoa leo, leseni inakwenda kabatini. Leseni ikienda kabatini, hakuna kituo, hakuna uwanja wenye kivuli, hakuna kreti. Saa sita mchana Eliécer atakuwa mezani pake, atakula kilichopikwa hapa, na kama anataka kucheka atachekea hapa. Watakula mihogo mitupu, sawa, alikula mihogo mitupu utotoni na hakufa. Baada ya mvua ukaguzi mwingine utafika, na kufikia hapo yule mwanamke atakuwa ameshapata mtu mwingine wa kumlishia farasi.

Alijaza mfuko majani makavu, akamwagia pumba zilizochekechwa juu yake, akaufunga kamba. Vumbi lilimpanda puani, akapiga chafya.

"Na mimi nakuja," alimwambia mumewe.

"Wewe? Hujawahi kuja ukaguzini."

"Leo nakuja."

Eliécer alimtazama, kisha akampa mkono kumpandisha garini, mbele, kando yake. Idalmis hakukumbuka kukaa pale tangu gari linunuliwe. Njia nzima watu waliwasalimu.

Uwanja wa maonyesho ya mifugo ulikuwa umejaa farasi, magari na kelele. Daktari alikuwa mtu mfupi mwenye miwani, hana haraka wala ubaya. Alimkagua kila farasi kwato na meno, akamkimbiza kidogo, akamwacha atulie, kisha akamwambia mwenyewe amvishe mfuko wa chakula, akaweka ubavuni sikio lake la mpira, kile kipimo cha kusikilizia pumzi, na kusikiliza. Farasi wa Chucho alipita, mbavu zake zote nje, akila kama aliyetoka kifungoni. Chucho alimbusu puani mbele ya watu.

Odalys alikuwepo. Hakuwa amekuja kwa ajili yao, ingawa Idalmis hakuamini. Penye makochero, hao waendesha magari ya farasi, ndipo penye wateja wake, na alikuwa na birika lake na kapu lake la croquetas. Lakini pia alikuwa na ndoo ndogo iliyofunikwa kitambaa. Zamu ya Canela ilipokaribia alikuja nayo, akinesanesa.

"Eliécer! Nimekubebea kidogo, isije ikawa mmesahau," alisema kwa ile sauti ya kuuzia vitu, na makochero wakageuka. "Mambo ya nyumbani ni mengi, mke anaweza kupitiwa."

Mtu mmoja alicheka puani. Idalmis alihisi masikio yanawaka moto.

"Mke hajapitiwa," alisema. "Cha nyumbani kipo."

Aliuinua mfuko. Eliécer aliupokea, na kwa mazoea tu akatia mkono ndani. Mkono ule ulikaa humo. Idalmis aliona vidole vyake vikisimama ndani ya turubai, akaona uso wake ukibadilika, pole pole, kama mtu anayesoma kitu asichotaka kukisoma. Ndoo ya Odalys ilikuwa hapo, hatua moja. Daktari alikuwa akiandika na bado hajainua macho.

"Umelowesha?" aliuliza Eliécer.

Aliuliza kwa sauti ya kawaida. Wote walikuwa wakisikiliza, Chucho, makochero, Odalys na kitambaa chake mkononi. Angesema hapana, nimesahau, ingekuwa aibu ya siku moja. Angecheka mwenyewe, wangecheka wote, ndoo ingepokelewa, Canela angekula. Lakini ingepokelewa kutoka mkononi mwa yule.

"Ndiyo," alisema Idalmis.

Eliécer alimtazama usoni, akautoa mkono ndani ya turubai. Kisha akamgeukia Odalys.

"Asante, Odalys. Mke wangu ameshaleta."

Akamvisha Canela ule mfuko. Akamvisha taratibu, akapitisha kamba nyuma ya masikio, akamsawazishia singa zisibanwe. Idalmis alifungua mdomo. Alitaka kusema mvue, mvue, ni makavu, na neno lilifika mpaka kwenye ulimi, lakini Odalys alikuwa akimtazama, na neno likabaki pale. Canela alishusha kichwa, akatafuna. Daktari aliweka sikio la mpira ubavuni.

Kikohozi cha kwanza kilikuwa kidogo. Cha pili kilimtikisa mwili mzima, na wingu la vumbi likatoka juu ya mfuko. Cha tatu hakikuisha. Canela alirudi nyuma akinyoosha shingo ndani ya turubai, akisukuma gari, na Eliécer akamvua mfuko haraka, akamkumbatia kichwa, akawa anamwambia basi, basi, mama, basi.

"Imetosha," alisema daktari. Hakuwa na ukali. "Pole, kaka. Huyu apumzike. Tutamwona tena baada ya mvua."

Walirudi kwa miguu, Eliécer akimwongoza Canela kwa hatamu na gari likiwafuata tupu, maana aliyetolewa kazini haruhusiwi kubeba mtu, na Eliécer alisema hata mke ni mtu. Watu waliowasalimu asubuhi safari hii walijitia kutazama upande mwingine.

Bibi Hortensia alikuwa akingoja getini. Aliwaona, akaelewa, akajipiga kifua. "Jicho! Mungu wangu, kumbe halijatoka! Nani huyu, nani anatuonea kijicho?" Aliingia ndani kutafuta mishumaa, akilia kwa sauti.

Eliécer aliliingiza gari chini ya kibanda, akalifungua, akaishusha mikono yake ya mbao mpaka ikagusa udongo. Kisha akachukua ule mfuko wa turubai, akaumwaga wote kwenye hori, akachota maji kwenye pipa na kuanza kumimina, akichanganya kwa mkono mpaka kwenye kiwiko. Idalmis alisimama nyuma yake. Mwenye akili angeingia ndani. Yeye hakuweza.

"Yalikuwa makavu," alisema. "Nilijua. Nilifanya makusudi."

"Najua. Si nilitia mkono?"

"Basi kwa nini ulimvisha? Ndoo ilikuwa pale pale."

Eliécer aliendelea kuchanganya. Shati lake la ukaguzi, ambalo Idalmis alikuwa amelipiga pasi usiku wa jana, lilikuwa limelowa pumba kifuani.

"Ulisema ndiyo," alijibu. "Mbele ya watu wote, mbele ya yule. Ningefanya nini, Idalmis? Nimwage chakula chako chini nipokee cha kwake? Nikuite mwongo, wakucheke wote? Halafu ungetembeaje mtaa huu?"

Siku zote zile Idalmis alikuwa ametaka kitu kimoja tu, mumewe amchague yeye huku yule mwanamke akiona, na leo amemchagua. Alitamani Eliécer angemtukana. Alitamani hata angempokea yule Odalys na ndoo yake, na kapu lake, na mikono yake mizuri, lolote lile, kuliko kuona mgongo ule uliolowa ukiinama juu ya hori bila lawama. Aibu ilimpanda mpaka machoni, na wivu, jambo la ajabu, haukuwa umeondoka. Ulikuwa palepale, hauna tena wa kumwangukia ila yeye mwenyewe.

Canela alisogea, akanusa, akaanza kula. Eliécer alijipangusa mikono kwenye suruali.

"Kesho mchana unataka nikupikie nini?" aliuliza Idalmis, maana alilazimika kusema kitu.

"Chochote," alisema Eliécer. "Nitakuwepo."